Mafuta ya karafuu na viungo vingine kwa tumbo la mifugo: jinsi ya kupima, kuchanganya na kulisha bila kuunguza kuku wala kuua wadudu wazuri wa tumbo la ng'ombe

Wafugaji wenzangu habari zenu. Siku hizi kila group la ufugaji ukiingia unakuta mtu anasema weka matone ya mafuta ya karafuu kwenye maji ya kuku, mwingine anasema ya mchaichai, mwingine kasikia oregano ndo mpango mzima, lakini hamna anayekwambia matone mangapi kwa lita ngapi, mafuta yapi, na kuku wa umri gani. Sasa naandika huu mwongozo taratibu, hatua kwa hatua, maana hii kitu inafanya kazi kweli ila inafanya kazi kwa kipimo kidogo sana na kwa kuchanganywa vizuri, ukikosea hayo mawili ni bora usingeanza.

Kwanza tuelewane yametoka wapi. Ulaya walipiga marufuku kuweka antibayotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza haraka, marufuku kamili ikaanza tarehe 1 Januari 2006, Sweden wao walishatangulia tangu 1986. Baada ya hapo viwanda vya chakula vikahangaika kutafuta kitu cha kushika nafasi, na kimojawapo ndo haya mafuta ya mimea yenye harufu kali: karafuu (ndani yake kuna yujeno, yaani eugenol), zaatari na origano (kuna thaimo na kavakro, yaani thymol na carvacrol), mdalasini (kuna sinamaldehaidi). Hizi kemikali zinapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo zinaingia kwenye ngozi ya bakteria ambayo nayo ina mafuta, zinaitoboa na vilivyomo ndani vinavuja. Pia zinaamsha mate, nyongo na vimeng'enya, mnyama anasaga chakula vizuri zaidi. Sisi huku tunayo malighafi mlangoni, Pemba pale Wawi kuna kiwanda cha ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar) kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu, na mchaichai unaota nyuma ya nyumba ya kila mtu, sasa kwa nini tununue vichupa vya mbali.

HATUA YA 1: Jua kwanza tumbo lina nini

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Mafuta ni msaidizi wa tumbo zima na yanasaidia tumbo lililoanza kuyumba, sio dawa ya ugonjwa ulioshaingia bandani. Kwa kuku amka mapema kabla hujafagia, angalia kinyesi cha usiku chini ya mahali wanapolala. Kinyesi kizuri kimeshikana, cha kahawia au kijani kibichi kidogo, juu kina kofia nyeupe. Kile kingine laini kinachonata kama uji wa chokoleti na kinanuka vibaya usikiogope, kinatoka kwenye vifuko viwili vya mwisho wa utumbo na kila kuku mzima anakitoa mara chache kwa siku, nimeona watu wanakimbilia dukani kununua antibayotiki kwa sababu ya hicho tu.

Ukiona damu, vifaranga wamejikunyata mabawa yamening'inia, hiyo ni koksidiosisi mpaka ithibitike vingine, wanahitaji amprolium au dawa atakayokuandikia daktari wa mifugo, leo hii, sio wiki ijayo baada ya kujaribu karafuu. Kijani kibichi sana na kuku wanakohoa, wanapinda shingo, wanakufa kwa mafungu, hiyo fikiria mdondo (wengine mnaita kideri), na mdondo hauna dawa, una chanjo tu, hamna mafuta duniani yatakayouzuia. Kuhara kwa majimaji bila damu, matandazo yanalowa, kuku wanakula sana lakini hawapandi uzito, mayai yana uchafu uchafu, HAPO ndo mahali pa mafuta.

HATUA YA 2: Safisha yale ya msingi kabla ya kufungua chupa

Hii fupi lakini usiruke. Maji safi kila siku na vyombo visuguliwe ile ute ute wa ndani utoke. Matandazo makavu, ukiyakamata mkononi na kuyabana yasigandamane. Minyoo iwe imetolewa kwa ratiba. Chanjo zote ziko kwenye daftari. Chakula hakina ukungu, maana mahindi yenye sumukuvu yanaharibu ini na utumbo na ukiweka mafuta juu yake unapaka rangi ukuta unaobomoka.

HATUA YA 3: Chagua mmea, na ujue kama unataka mafuta au unga

Maoni yangu, na nitayasema wazi: mfugaji mdogo mwenye kuku chini ya mia mbili aanze na UNGA wa kiungo, asianze na mafuta ya chupa. Sababu ni kwamba unga ni vigumu kuzidisha kipimo mpaka ukadhuru, unachanganyika kirahisi na pumba, na unajua umenunua nini. Mafuta ya chupa yana nguvu mara nyingi zaidi na huku mtaani yamechakachuliwa sana.

Karafuu ndo naipa namba moja kwetu. Karafuu kavu nzuri ina mafuta kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, ni nyingi mno kuliko karibu kila kiungo. Ukienda sokoni chukua punje moja ibane kwa ukucha kwenye kikonyo chake, ikitoa unyevu wa mafuta na kidole kikabaki kinanukia mpaka unafika nyumbani hiyo ni nzuri, ikiwa kavu inavunjika kama kijiti basi imeshakamuliwa au imezeeka. Nunua nzima, saga mwenyewe, saga kidogo kidogo, maana ikishasagwa harufu inaondoka na harufu ndo mafuta yenyewe. Makonyo nayo yanafaa na bei yake iko chini, ila mafuta yake ni kama asilimia 5 mpaka 7, kwa hiyo unatumia mara tatu ya uzito.

Zaatari inayouzwa maduka ya dawa za Kiarabu ni nzuri sana kwa tumbo, ndo ndugu yake origano mnayoisikia. Mdalasini pia. Mchaichai na mrehani ni vyepesi zaidi, majani mabichi yana mafuta chini ya asilimia moja, hivi nawapa kuku kama majani, nakata kata nawatupia, hamna hesabu ngumu hapo. Kitunguu saumu kinafanya kazi yake lakini kinahamia kwenye maziwa na ukizidisha hata kwenye mayai, mteja atakwambia tu. Mkaratusi sitaki kuuona ndani ya tumbo la mnyama, mafuta yake yakizidi kidogo ni sumu, waachie wanaojifukiza. Na mwarobaini, shubiri, pilipili ni habari nyingine kabisa, tusivichanganye na haya mafuta.

HATUA YA 4: Ukiamua mafuta ya chupa, yapime kwanza

Yale mafuta ya karafuu ya kuchua mwili na kupaka nywele SIYO haya. Yale mengi ni mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu, yaani ndani yake mafuta halisi ni kidogo na hujui ni kiasi gani, utapigaje hesabu.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Chukua glasi ya maji safi, dondosha matone matatu manne ya mafuta, koroga taratibu na kijiti kisha acha yatulie. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, utayaona vipunji vya manjano vimekaa chini ya glasi kama shanga. Yakielea juu yote yakatandaa kama mafuta ya kupikia, kuna mkono wa mtu umepita hapo. Kipimo cha pili, weka tone moja kwenye karatasi nyeupe, acha kwenye hewa mpaka kesho yake, mafuta halisi yanaondoka na kuacha alama hafifu tu, ya kuchanganywa na mafuta ya kula yanaacha duara lenye mafuta ambalo ukiinua karatasi kwenye mwanga linapitisha mwanga, halitoki hata wiki. Angalia tu kile kipimo cha kuzama ni cha karafuu (na mdalasini wa gome), mchaichai na zaatari zenyewe zinaelea hata zikiwa halisi, usije ukamgombeza muuzaji bure.

HATUA YA 5: Hesabu

Kwa kuku na nguruwe kiwango salama ambacho viwanda vinazunguka hapo ni miligramu 50 mpaka 200 za mafuta kwa kila kilo ya chakula. Mimi nakaa kwenye 100. Sasa fanya hivi:

Miligramu 100 kwa kilo, mfuko wa kilo 50, ni miligramu 5,000, yaani gramu 5. Mafuta ya karafuu gramu 5 ni karibu mililita 5, kijiko kimoja cha chai. KIJIKO KIMOJA CHA CHAI KWA MFUKO MZIMA WA KILO 50. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana kuna watu wanaweka vijiko viwili kwenye ndoo ya maji ya kuku ishirini halafu wanashangaa kuku wamegoma kunywa.

Kwa unga wa karafuu: kama karafuu ina mafuta asilimia 17 hivi, gramu 30 za unga zinakupa gramu 5 za mafuta. Kwa hiyo gramu 30 za unga kwa mfuko wa kilo 50. Makonyo yaliyosagwa, gramu 80 mpaka 100. Tumia mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia keki, sio kukisia kwa kiganja, kiganja changu na chako haviko sawa.

Usitumie sirinji ya plastiki ukaiacha na mafuta ndani, karafuu inavimbisha ule mpira wa kusukumia, na vikombe vya plastiki vile laini vya kunywea soda inavitafuna kabisa. Glasi au kijiko cha chuma.

HATUA YA 6: Kuchanganya, hapa ndo kazi ilipo

Ukimwaga kijiko kimoja cha mafuta juu ya kilo 50 za chakula ukakoroga na koleo, kuku mmoja atakula donge lenye mafuta yote na wenzake arobaini hawatapata kitu. Huyo mmoja ataungua mdomo na gole (kile kifuko cha chakula cha shingoni), wengine utasema mafuta hayafanyi kazi. Kwa hiyo unapanda ngazi kwa ngazi.

Pima mililita 5 za mafuta ya karafuu, tia kwenye mililita 50 za mafuta ya kula, alizeti inafaa, koroga kwenye glasi mpaka huoni michirizi. Chukua kilo moja ya pumba laini ya mahindi iliyochekechwa, itandaze kwenye beseni, mwagia yale mafuta kwa uzi mwembamba huku mkono mwingine unageuza. Vaa glavu, na usijishike macho, hii sio mzaha, inawasha kweli. Halafu anza kufikicha, unachukua pumba kati ya viganja viwili unaisugua kama unavyosugua unga wa vitumbua unapoutia siagi, unavunja kila donge, unachekecha, donge lililobaki kwenye chekeche unalisugua tena. Ikishakuwa sawa pumba haionekani kulowa kabisa, ina rangi moja, na ukishika sehemu yoyote harufu ni ile ile.

Hiyo kilo moja sasa changanya na kilo nne za chakula chako, zimekuwa tano. Hizo tano changanya na kumi na tano, zimekuwa ishirini. Hizo ishirini ndo unamwaga na zile thelathini zilizobaki, ukiwa na turubai mnashika pembe mbili mbili mnarusha na kugeuza, kuchanganya kwa turubai ni bora kuliko koleo kwenye ndoo. Mwisho chota konzi moja kutoka pembe nne na moja katikati, nusa moja moja, zikinukia sawa umemaliza, pembe moja ikinuka kali rudi ugeuze. Ukitumia unga wa karafuu ngazi ni hizo hizo, unaruka tu ile ya mafuta ya alizeti.

Usichanganye chakula cha mwezi. Mafuta haya yanaruka na hewa. Kuku 50 wa mayai wanakula kama gramu 120 kila mmoja, ni kilo 6 kwa siku, mfuko unaisha siku ya nane, hapo ndo pazuri. Funga mfuko mdomo, weka kivulini, usiuweke chini ya bati.

Na maji je? Watu wananiuliza sana. Mafuta na maji hayachangamani, yanaelea au yanazama, kuku wa kwanza kufika anakunywa yote. Zile bidhaa za viwandani za kutia kwenye maji zimetiwa kitu cha kuyashikanisha na maji, fuata kipimo cha kwenye chupa basi. Nyumbani ukitaka kitu cha maji chemsha mchaichai au mrehani, chuja, ikipoa wape siku hiyo hiyo kinachobaki mwaga. Ni hafifu lakini haidhuru, na vifaranga wanaipenda wakati wa baridi.

HATUA YA 7: Kuwalisha

Vifaranga wiki ya kwanza waache, utumbo wao bado unapokea bakteria wazuri, usiwaharibie. Kuanzia siku ya 8 na kuendelea anza na nusu ya kipimo, mililita mbili na nusu au gramu 15 za unga kwa kilo 50, siku tatu nne, ukiona wanakula kama kawaida nenda kipimo kamili. Kuku hawahisi ukali wa pilipili kama sisi lakini harufu mpya ya karafuu wanaisikia, siku ya kwanza wanaweza kuzunguka zunguka kwenye chombo, wakila chini ya kawaida kwa siku mbili mfululizo punguza.

Mimi napendekeza ufanye kwa mafungu mawili kama banda linaruhusu, nusu wenye karafuu nusu bila, chakula kile kile, siku zile zile. Bila hivyo utaamini unachotaka kuamini. Kitu cha kupima ni kilo ngapi za chakula zimetoa trei moja. Mfano kuku 50 wanakula kilo 6 wanataga mayai 40, ina maana trei moja ya 30 imekula kilo nne na nusu. Andika hiyo namba kila wiki kwa kila fungu. Baada ya wiki nne mpaka sita kama namba ya fungu la karafuu haijashuka hata kidogo na matandazo yao hayajakauka kuliko ya wenzao, basi banda lako halina tatizo ambalo karafuu inalitibu, weka hela yako kwenye protini au chanjo. Faida inaonekana zaidi kwenye mabanda yenye msongamano na presha ya bakteria, kwenye banda safi sana tofauti inakuwa ndogo, hivyo ndivyo ilivyo.

Wakati kuku wako kwenye dozi ya dawa ya daktari simamisha mafuta, maliza dozi, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, ndo urudi.

HATUA YA 8: Ng'ombe, mbuzi na kondoo, hapa badilisha akili kabisa

Kuku na nguruwe tumbo lao linasaga chakula lenyewe. Ng'ombe hasagi majani yeye, anafuga wadudu wadogo mabilioni kwenye tumbo la kwanza, rumeni, wao ndo wanaovunja nyasi na yeye anakula kazi yao. Sasa unapompa kitu kinachoua bakteria, kinaua na wale wafanyakazi. Ukizidisha ng'ombe anapunguza kula, nyasi zinakaa tumboni, maziwa yanashuka, na utakuwa umelipa pesa kuyashusha.

Kukupa picha ya kipimo, kuna mchanganyiko wa Uswisi unaitwa Agolin Ruminant, una mafuta ya mbegu za giligilani, yujeno na kingine kinaitwa jeranili asiteti, ng'ombe mzima wa maziwa anapewa gramu 1 kwa siku. Gramu moja, ng'ombe mwenye kilo mia tano na zaidi! Na matokeo yanaangaliwa baada ya wiki kama nne hivi kwa sababu wale wadudu wa rumeni wanahitaji muda kujipanga upya.

Kwa karafuu peke yake mimi sivuki sawa na hapo: gramu 6 za unga kwa ng'ombe mkubwa kwa siku, ni kama vijiko vitatu vya chai vya kufuta, umechanganywa kwenye pumba yake ya jioni. Mbuzi wa kilo 30 mpaka 40 ni robo ya kijiko cha chai, basi. Anza na nusu yake wiki nzima. Mpe baada ya kukamua, sio kabla, ili harufu isiingie kwenye maziwa. Mafuta ya chupa mdomoni kwa ng'ombe au mbuzi usimwagie, hata tone, yanaunguza ulimi na koo.

Ndama wa kunyonya na watoto wa mbuzi wakihara, achana na mafuta. Kinachowaua ni kukauka maji. Maji ya chumvi na sukari ya mifugo, maziwa yaendelee kwa vipindi vidogo, daktari aje. Na ndama ambaye hakupata maziwa ya mwanzo, dang'a, ndani ya saa sita za kwanza utahangaika naye na kuhara hata ukimpa karafuu ya Unguja na Pemba yote.

Tumbo kujaa gesi nalo nilitaje kwa sababu ndo linaua usiku mmoja. Ng'ombe kala majani machanga ya jamii ya kunde yana umande, lusani (alfalfa) kwa mfano, ubavu wa KUSHOTO unavimba ukiupiga unalia kama ngoma, anapiga tumbo mateke, anahema kwa shida. Kama ni ile ya povu, kinachosaidia ni mafuta ya kawaida ya kula, yanavunja povu: mililita 250 mpaka 500 kwa ng'ombe mzima, 50 mpaka 100 kwa mbuzi au kondoo. Simamisha mnyama, kichwa kiwe sawa na mgongo usikiinue juu, ingiza mdomo wa chupa pembeni ya mdomo kwenye lile pengo lisilo na meno, mimina kidogo subiri ameze, akikohoa shusha kichwa acha kabisa, maana mafuta yakiingia mapafuni umemuua kwa njia nyingine. Mtembeze, miguu ya mbele iwe juu kwenye mwinuko. Wakati huo huo mtu mwingine ameshapiga simu kwa daktari, kama ubavu umepita mfupa wa mgongo hata dakika thelathini ni nyingi. Usichanganye tapentaini kama wazee walivyokuwa wanafanya, maziwa yatanuka na siku hizi kuna dawa bora za kuvunja povu kwenye maduka ya mifugo.

Kwa nguruwe wa bara, wakati mzuri ni pale watoto wanapoachishwa kunyonya wakiwa kama siku 28, wanahara sana wiki mbili za kwanza. Kipimo ni kile kile cha kuku kwenye chakula chao. Ulaya walikuwa wanategemea zinki oksidi kwa hilo, nayo wakaipiga marufuku kwa vipimo vikubwa Juni 2022, ndo maana sasa hivi makampuni yanakimbizana na haya mafuta.

HATUA YA 9: Wasioruhusiwa

Wenye mimba changa usiwajaribie mafuta ya chupa ya aina yoyote. Paka asipewe kabisa wala asilambe, ini lake haliwezi kuvunja vitu vya jamii ya yujeno na thaimo, na paka wa bandani anayewinda panya ndo wa kwanza kulamba beseni lako, kwa hiyo liosheni kwa sabuni na maji ya moto mkimaliza. Sungura nao waache, tumbo lao ni laini mno. Samaki pia, mafuta ya karafuu yanatumika kuwalaza usingizi samaki, kwa hiyo usimwage maji ya kuoshea vyombo kwenye bwawa la perege.

HATUA YA 10: Kutunza chupa

Chupa ya kioo cheusi au kahawia, kifuniko kimekazwa, mahali pa baridi na giza, andika jina na tarehe uliyofungua. Iwe juu, mbali na watoto, tena mbali kabisa na dawa za watoto za kunywa kwa sababu chupa zinafanana. Mililita 5 mpaka 10 tu za mafuta halisi ya karafuu zimeshawapeleka watoto wadogo kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, degedege na ini kuharibika. Mtoto akinywa usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri aone nafuu, beba yeye na chupa yenyewe mkaonyeshe hospitali, waambie kiasi na saa aliyokunywa.